Jeli ya Samaki na Mkuu Mpya wa Esterby

Verna Tiedeman alikuwa na msemo wake, na aliusema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni mwa mkahawa: yeye akimtazama mtu anavyokula, anamjua mpaka uboho. Miaka thelathini na mmoja alipika katika shule ya Esterby, miaka kumi na miwili amekaa kwenye bodi ya shule hiyo hiyo, na jicho lake halijawahi kukosea mtu.

"Hata mara moja," alisema. Kisha akakoroga kahawa yake, akaionja, akaongeza, "Ukiwatoa Wakuu wanne wa mwisho wa shule zetu."

Na ukiwatoa hao wanne, hakuna wengine aliowahi kuwachagua.

Wa kwanza alikaa miaka minne akakimbilia Arizona kufuata joto. Wa pili mitatu. Wa tatu miezi kumi na minne. Wa nne, mwenye mke mzuri na mbwa watatu, aliandika barua ya kuomba kazi kwingine kwenye mashine ya shule, akaisahau hapo hapo juu ya mashine. Katibu wa shule akaikuta, akamrekebishia koma mbili, akaituma.

Wote wanne walipokuja kuomba kazi walisema neno lile lile: "Huu upepo wenu naupenda." Hapo ndipo Verna angeshtuka kama jicho lake lingekuwa zuri kama anavyolisifia. Upepo wa Esterby, hapa South Dakota, hata ng'ombe huugeuzia makalio.

Sasa kiti cha Mkuu wa Shule za Wilaya kilikuwa wazi tena, na safari hii haikuwa mchezo. Ikifika tarehe moja Juni bila Mkuu, Esterby ingelazimika kuazima Mkuu wa Corvin, mji wa maili kumi na tisa upande wa mashariki, wenye watu wanaojiona. Na kila mtu anajua kuazima kunavyokwenda. Unaanza na Mkuu, unafuata na timu ya mpira, mwishowe watoto wako wanapanda basi alfajiri kwenda Corvin na shule yako inageuzwa ghala la mahindi. Kwenye korido ya shule ya Esterby kulikuwa na vigingi mia na nne vya kutundikia makoti, vile vya chini kabisa vimewekwa kwa kimo cha mtoto wa chekechea. Elmer, marehemu mume wa Verna, ndiye aliyevichonga, majira yote ya baridi ya mwaka mmoja. Verna hakuwa tayari kuona mahindi yananing'inia kwenye vigingi vya Elmer.

Bodi ilimwita mshauri kutoka Sioux Falls, Bwana Prentiss Gault, mtu mwembamba mwenye mafaili yenye vibandiko vya rangi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwapa wakazi wote karatasi ya maswali: mnataka Mkuu wa namna gani? Watu mia mbili na kumi na wawili walijibu, katika mji ambao kumchagua meya hujitokeza themanini. Bwana Gault akasimama ukumbini, akavaa miwani, akasoma.

"Mnataka mtu kijana," akasema, "mwenye uzoefu wa miaka thelathini."

Ukumbi ukaitikia kwa vichwa. Nani hataki mtu kama huyo?

"Awe mkali kwa watoto, ila si wa kwangu. Hiyo imeandikwa mara sitini na tatu. Aje na mawazo mapya. Asibadilishe kitu. Asikose mechi hata moja. Kila jioni awe nyumbani na familia yake. Aishi hapa hapa mjini, lakini asijue habari za watu." Akageuza karatasi. "Na kuna mmoja anataka awe anaweza kuendesha basi kwenye theluji."

"Huyo mimi," alisema mwenyekiti, Milo Hofstad, muuza mbegu, bila kuona haya.

Verna aliandika neno moja tu kwenye karatasi yake: Abaki.

Kisha Bwana Gault akawasainisha wajumbe watano wa bodi karatasi nyingine. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale, kwa maneno yale yale, kutoka karatasi ile ile. Hakuna mjumbe kumpa mwombaji mtihani wa pembeni. Ikigundulika, kura inakufa na kazi yote inaanza upya. Verna alisaini kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Alipoiweka kalamu chini alikuwa ameshaanza kufikiria jeli.

*

Waombaji walikuwa kumi na mmoja. Watano walitazama ramani wakajitoa. Wengine wakapata kazi penye milima. Wakabaki wawili: Todd Lassiter, mwenye meno meupe na mkono wa joto, na Nadine Krug, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu ambaye picha yake ilionekana kama amepigwa akisubiri zamu kwa daktari wa meno.

Verna na Milo walikuwa mkahawani asubuhi wakiwajadili.

"Lassiter ana uchangamfu," alisema Milo, mdomo umejaa mayai. "Alinipigia simu akauliza mahindi yangu yanaendeleaje."

"Hata yule wa nne aliuliza mahindi. Sasa yuko wapi?"

"Verna, huwezi kumkataa mtu kwa sababu ana adabu."

"Adabu siikatai. Nakataa utamu. Mtu anayekudanganya kwenye jambo dogo leo..."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ardyce Buchholz, dada yake marehemu Elmer, yaani wifi yake Verna, naye pia mjumbe wa bodi. Milo akasimama papo hapo na sahani yake. Sheria ya jimbo inasema wajumbe watatu kati ya watano wakizungumza mambo ya bodi mahali pamoja, hicho ni kikao, na kikao lazima kitangazwe siku moja kabla. Mhariri wa gazeti la mji alikuwa kwenye kona yake, na vidole vyake vilikuwa vimeshahesabu hadi mbili.

"Kaa tu, Milo," alisema Ardyce. "Nimefuata kahawa."

"Siwezi, dada. Wewe ni wa tatu." Akahamia meza ya dirishani, akakaa kuwapa mgongo, akaanza kuuzungumzisha ukuta habari za mvua.

Ardyce akakaa mahali palipobaki joto la Milo. "Mlikuwa mnamsema nani?"

"Tulikuwa tunakusema wewe, wifi," Verna akajibu. "Milo anasema umenenepa."

"Milo ana macho. Wewe je, unampa nani kura?"

"Bado. Na wewe?"

"Yule mama mrefu, nadhani. Hacheki ovyo." Ardyce akafunga kifuniko cha kikombe chake. "Ila nitawaangalia kwanza Alhamisi, kwenye chakula."

Verna akahesabu kimoyomoyo. Milo na Curtis wa duka la dawa walikuwa wa Lassiter. Brianne, mama mdogo kuliko wote kwenye bodi, alikuwa wa Krug. Akija Ardyce na akija yeye mwenyewe, Krug ana watatu. Mwenye busara angeishia hapo. Lakini Verna alishakosea mara nne. Safari hii alitaka kuhakikisha.

*

Desturi ya Esterby ni kwamba Mkuu haajiriwi kabla hajala na watu. Kila nyumba inaleta chakula chake ukumbini, meza zinaunganishwa, na mwombaji anapita na sahani huku mji mzima ukitazama kijiko chake kinatua wapi. Na kwa sababu mabakuli yanafanana, kila mwanamke huandika jina lake kwenye selotepu nyeupe na kuibandika chini ya bakuli, ili lirudi kwake na si kwa jirani mwenye mkono mrefu.

Jioni hiyo ya Alhamisi Verna alipika jeli ya kijani, ile tamu ya ndimu inayogandishwa ikatikisika. Ndani yake akatia makopo mawili ya samaki jodari, karoti tatu zilizokwanguliwa, zeituni za kutosha, na juu akaipaka mayonezi kama mtu anayepiga lipu. Akaionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa mbaya kuliko alivyotumaini.

Mpango ulikuwa hivi: atakayesema ni tamu ni mwongo, na mwongo hatabaki. Lakini mtu hawezi kusema kweli mbele ya mpishi ambaye ni mjumbe wa bodi. Kwa hiyo Verna hakutumia bakuli lake. Alitumia bakuli la kioo ambalo Ardyce alilisahau jikoni kwake siku walipomzika Elmer, na ambalo kwa miaka miwili alikuwa akikusudia kulirudisha. Hakukumbuka kutazama chini yake. Alilifunika kwa taulo la kwanza lililomjia mkononi, akazunguka mlango wa nyuma wa shule.

Mlango ulikuwa mzito na mikono yake imejaa. Mwanamke mmoja mrefu ndani ya koti refu, aliyekuwa amesimama nje akitazama paa, akamshikia.

"Pole na mzigo, mama. Ni nini hicho?"

"Mikate tu, mwanangu," alisema Verna, akapita upesi. Alidhani ni mama wa mwanafunzi. Nusu saa baadaye Milo alipowatambulisha wageni, Verna akamwona mwanamke yule yule amesimama kando ya Bwana Lassiter, akajisogeza nyuma kidogo. Kidogo tu. Meza ilikuwa ndefu, bakuli lilikuwa katikati ya mengine arobaini, na jina la Verna halikuwa popote.

Todd Lassiter alipita mezani kama mgombea ubunge. Alichota kila bakuli, alimsifu kila mpishi. Alipofika kwenye jeli akapakua kijiko kizima, akatafuna, na Verna, aliyejibanza nyuma ya birika kubwa la kahawa, akaona koo lake likipanda na kushuka mara mbili.

"Mungu wangu!" alisema Lassiter. "Hii nani kaipika?"

Curtis akainua bakuli juu ya kichwa, akasoma chini. "Ardyce Buchholz."

Nyuma ya birika, Verna akaikumbuka selotepu.

Lassiter alikuwa ameshamfikia Ardyce na kumshika mikono yote miwili. "Mama Ardyce! Umenikumbusha bibi yangu. Sijala jeli kama hii tangu nikiwa mtoto. Naongeza nyingine, kama hutajali."

Ardyce alifungua mdomo. Yeye alileta keki ya mashina machachu ya rubabu, iliyokuwa mwisho wa meza bila hata kipande kilichokatwa. Maishani mwake hajawahi kutia samaki kwenye jeli. Lakini watu walikuwa wamegeuka wanamtazama, wengine wanatabasamu, na tangu lini mtu alisifia chakula cha Ardyce mbele ya watu? Mara ya mwisho ilikuwa harusi ya binti wa mchungaji, na huyo binti sasa ana wajukuu.

"Ah," alisema Ardyce, mashavu yakiwa mekundu. "Kitu kidogo tu."

Verna akajipiga kipaji cha uso.

Mambo yangekomea hapo yasingeharibika sana. Lakini mtu akishaonja sifa hutaka na ya pili. Ardyce alimfuata Nadine Krug na sahani yake hadi penye viti.

"Umeionja jeli yangu?"

Nadine alifikiri. Alikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo lilimfanya kila mtu karibu yake anyamaze. "Nimeionja, mama. Nisamehe, imenishinda. Nadhani samaki na jeli wangeachwa kila mmoja akae kwake."

Ardyce akasema, "Vizuri," kwa sauti ambayo Elmer alizoea kuiita mlango wa friji, akaondoka.

Verna alikuwa amempata mtu wake. Mkweli, mkavu, wa kubaki. Na kwa tendo hilo hilo alikuwa amempoteza.

Kitu kimoja tu kilimpa tumaini. Watu walipoanza kuosha vyombo, alichungulia jikoni akamwona Ardyce peke yake na bakuli la jeli, amegeuza mgongo. Ardyce alichota kidogo kwa kijiko, akatia mdomoni. Akasimama wima kabisa. Kisha akainama kwenye sinki, akafungulia maji, akasukutua kwa muda mrefu.

*

Jumamosi Verna alikwenda kwa Ardyce. Wajumbe wawili si kikao, sheria haina neno.

"Wifi," alianza, "ile jeli si wewe uliyeipika."

"Niliipika."

"Hukuipika."

Ardyce aliweka kahawa mezani kama anayeweka karata. "Umejuaje?"

Hapo Verna akakwama. Akisema amejuaje, amekiri mtihani wa pembeni, kura inakufa, na tarehe moja Juni ilikuwa inapiga hodi. Asiposema, Ardyce anampa kura Lassiter kwa hasira ya jeli ambayo hakuipika. Wakatazamana juu ya vikombe, wazee wawili, kila mmoja amekalia uongo wake kama kuku.

"Najua mkono wako," Verna akasema mwishowe. "Wewe si mtu wa samaki."

"Watu hubadilika."

"Basi nifundishe. Inapikwaje?"

Ardyce akatazama dari. "Unachukua jeli. Ya kijani. Unatia samaki wako."

"Makopo mangapi?"

"Moja."

Verna akauma ulimi.

"Na karoti... mbili," Ardyce akaendelea, akimwangalia kwa jicho la pembeni. "Mbona unajinyonganyonga, wifi? Una gesi?"

"Kahawa yako kali."

"Kwa hiyo yule mama mrefu wako," alisema Ardyce, "aliyeniaibisha mbele ya mji mzima, ndiye unataka nimpe kura?"

"Alikwambia kweli."

"Kuna kweli za kusema na kuna kweli za kumeza."

"Ndiyo maana tumemeza Wakuu wanne," alisema Verna. "Kila mmoja alisifia chakula chetu, Ardyce. Na upepo wetu. Nikiwa kwenye dirisha la jikoni nilihesabu magari yao ya kuhama. Elmer alivitengeneza vile vigingi akidhani watoto watatundika makoti hapo miaka mia."

Ardyce akainuka. Elmer alikuwa kaka yake. Alichukua kikombe cha Verna kikiwa bado nusu, akakiosha, na kwa Ardyce hiyo ni kwaheri.

*

Jumatatu jioni ukumbi ulijaa. Bwana Gault aligawa maswali kumi na mawili, kila mjumbe na ya kwake, akasimama pembeni kuhakikisha hakuna anayeongeza hata "je". Lassiter aliitwa kwanza, Nadine akisubiri maktabani.

Swali la tisa lilimwangukia Ardyce. Akalisoma bila kuinua macho. "Tueleze wakati ulipolazimika kumwambia mtu ukweli asioupenda."

"Swali zuri sana," alisema Lassiter. Alikuwa amesema hivyo kwa yote manane yaliyotangulia. "Mimi ukweli ndio nguzo yangu. Siwezi kumficha mtu. Kama nilivyomwambia mama Ardyce hapa wazi wazi siku ya Alhamisi, jeli yake ni bora kuliko zote. Mke wangu anaisubiri kwa hamu namna ya kuipika."

Watu wakacheka kwa wema. Ardyce hakucheka. Verna akaona taya lake linakwenda polepole, kama mtu ambaye ladha fulani imemrudia.

Akaingia Nadine. Swali la tisa. Ardyce akasoma maneno yale yale.

Nadine akafikiri hadi viti vikaanza kulia. "Alhamisi," akasema. "Hapa hapa. Nilimwambia mama anayeuliza kwamba jeli yake hailiki. Sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Lakini hata ukiniuliza leo, hailiki."

"Na upepo wetu?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Bwana Gault akanyanyuka. "Hilo halimo kwenye karatasi!"

"Upepo wenu ni wa ovyo," alisema Nadine. "Nilikulia kwenye mwingine kama huo. Mtu anajifunza tu kuegemea."

Lassiter akaitwa arudi, wakakaa wote wawili mbele, na Milo akaita majina. Curtis akasema Lassiter. Brianne akasema Krug. Verna akasema Krug, sauti ikamkwaruza. Milo akajitaja mwenyewe: Lassiter. Wawili kwa wawili.

"Ardyce?"

Ardyce alikunjua leso, akaikunja. "Krug," akasema.

Milo akatoa macho. "Mbona? Si alikutukania jeli?"

"Kwa sababu na mimi niliionja," alisema Ardyce. "Na mtu anayeweza kunitazama usoni na kusema kile kitu ni kitamu, akarudia hapa mbele ya watu kuwa hiyo ndiyo kweli, huyo ataniambia paa halivuji huku nimeshika ndoo." Akamgeukia Lassiter. "Samahani, mwanangu. Ulinipa sifa nzuri. Nilizihitaji. Lakini jeli si yangu."

Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki. Lassiter alitabasamu, akaacha, akatabasamu tena, maana meno hayakuwa na kazi nyingine.

"Kama si yako ni ya nani?" aliuliza Curtis. "Mimi mwenyewe nilisoma selotepu."

Bwana Gault alikuwa ameshafungua faili lenye kibandiko chekundu. "Mwenyekiti, hili si dogo. Kama kuna mjumbe aliyewatega waombaji kwa mtihani wa pembeni, kura hii haipo. Tunaanza upya." Akatazama kalenda ukutani. "Na kufika tarehe moja zimebaki siku saba."

Ardyce akatoa mfuko chini ya kiti, akaweka mezani bakuli la kioo lililooshwa, limefungwa kwenye taulo la jikoni lenye majogoo mekundu. "Bakuli ni langu. Nilikuwa silioni tangu mazishi ya kaka yangu. Hili taulo la majogoo si langu."

Polepole, kama alizeti, vichwa vikamgeukia Verna.

"Msinitazame mimi," alisema Verna. Alimwona Elmer, aliona vigingi, aliona basi la Corvin. "Hilo bakuli sijalitia machoni. Mimi Alhamisi nilileta mikate."

"Kuna aliyeona nani aliingia nalo?" aliuliza Milo.

Watu wa Esterby huona kila kitu na hawasemi mpaka waulizwe mara tatu. Kisha mkono mmoja mrefu ukainuka.

Usinyooshe, Verna akaomba kimoyomoyo. Mwanangu, shusha huo mkono, unajichinja mwenyewe.

"Ni mama huyu," alisema Nadine Krug. "Nilimshikia mlango wa nyuma. Lilifunikwa kwa majogoo hayo hayo. Niliuliza ni nini, akaniambia mikate."

"Bi Krug," alisema Bwana Gault taratibu, "unaelewa kwamba umeshika kazi hii kwa dakika tatu, na unaweza kuipoteza sasa hivi?"

"Naelewa. Mwenyekiti ameuliza nani aliona. Mimi niliona."

Bwana Gault alipekua. Karatasi moja, ya pili, ya tano. Ukumbini ulisikika upepo tu, ukisukuma mlango kama mtu aliyechelewa kikao. Akavua miwani. "Bwana Lassiter, nawe ulikula jeli hiyo?"

"Vijiko viwili," alisema Lassiter kwa huzuni. "Viwili vikubwa."

"Bakuli moja, siku moja, meza moja." Bwana Gault akafunga faili. "Kanuni inakataza mtihani ambao mmoja amepewa na mwenzake amenyimwa. Hapa wameteseka sawa. Anayestahili adhabu ni mjumbe, na hilo litakuja baadaye. Kura inasimama."

Makofi yakalipuka. Brianne akamkumbatia Nadine, ambaye alisimama kama nguzo ya umeme inayokumbatiwa. Verna akavuta pumzi iliyofika hadi visigino. Shule ina Mkuu, vigingi vina makoti, na kwa jicho lake la haraka aliona mlango uko hatua sita tu. Akaanza kuinuka, mkono ukinyoosha kulichukua taulo lake.

Mkono wa Ardyce ukatua juu ya majogoo.

"Ngoja, wifi. Umesema ulileta mikate."

"Nilileta," alisema Verna. "Jeli na mikate. Vyote viwili. Umri huu mtu anasahau kutaja kimoja."

"Mikate kwenye meza ilikuwa trei moja tu," alisema Ardyce.

"Hiyo hiyo."

Upande wa pili wa meza Brianne, bado amemshika Mkuu mpya, akainua mkono kwa aibu. "Mama Verna," akasema, "trei ile chini yake ina selotepu yangu."